Nani Kampisha Nani: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Nyimbo Zinazochanganya Raga za Kihindi na Pop ya Magharibi

Kama umekulia pwani, iwe Mombasa, Tanga au Unguja, masikio yako yameshafanya nusu ya kazi hii hata kama hujui. Nyimbo za filamu za Kihindi tumezisikia tangu tuko wadogo, na taarab yenyewe imezimeza kabisa: marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alipendwa sana kwa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya melodi za Kihindi, na tabla na tashkota zimepigwa kwenye harusi zetu miaka na miaka. Kwahiyo mtu akikuwekea wimbo wenye sitari na dramu pamoja hushtuki. Shida inaanza ukiulizwa humu ndani kimechanganywa nini na nini, hapo wengi tunaishia kusema "ina ladha ya Kihindi" na maneno yanaisha. Mwongozo huu ni wa kukutoa hapo, hatua kwa hatua, mpaka uweze kukaa na wimbo mmoja ukaandika ukurasa mzima wenye hoja.

Mimi swali langu ni moja tu: nani kampisha nani? Maana hizi ni nyumba mbili zenye misingi tofauti. Muziki wa kiklasiki wa Kihindi umejengwa kwa melodi moja inayofuata raga (noti zake maalumu na mwendo wake), ikitembea juu ya mvumo usiohama, yaani sauti moja inayovuma chini muda wote, na mapigo yanayozunguka yakarudi yalikoanzia. Pop ya Magharibi imejengwa kwa kodi (zile za gitaa na kinanda) zinazohama hama, na mapigo manne manne. Ukiziingiza kwenye wimbo mmoja kuna kitu lazima kisogee, na kazi yako ni kukitafuta hicho kilichosogea.

Nitatumia sana mifano ya Beatles, lile kundi la Uingereza, sio kwamba wao ndio bora kuliko wote, ila kati ya 1965 na 1967 unamsikia mtu yule yule, mpiga gitaa wao George Harrison, akijifunza mbele ya masikio yako, na nyimbo zenyewe ni rahisi kuzipata.

Vya kuwa navyo: hedifoni nzuri kiasi (spika ya simu inaficha besi na mvumo, usiitumie), kinanda au apu ya piano kwenye simu, apu ya tanpura (ala ya nyuzi ya Kihindi ya kutoa mvumo) ambayo zipo za bure nyingi, mahali pa kupunguza spidi ya wimbo bila kubadilisha sauti, kalamu na daftari.

Hatua ya 1: Itafute Sa

Wahindi wanaita noti zao Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Ukiwa umeimba kwaya hii ni do, re, mi, fa, so, la, ti, na kama do ya kwaya, Sa nayo inahama kumfuata mwimbaji, haijafungwa kwenye C wala D. Sa na Pa hazishushwi wala hazipandishwi kamwe. Re, Ga, Dha na Ni zinaweza kushushwa nusu hatua (kitufe kimoja cha kinanda), Ma inaweza kupandishwa, ukihesabu zote unapata 12, zile zile za kwenye kinanda.

Sasa weka wimbo, funga macho, vumisha mdomoni noti moja ambayo unaweza kukaa nayo toka mwanzo hadi mwisho bila kusikia inagombana na kitu. Ikikubali wimbo mzima, umeipata Sa, na umejua pia kwamba upande wa Kihindi umeshinda kwenye jambo kubwa kuliko yote, yaani makao ya wimbo hayahami. Jaribu kwenye "Tomorrow Never Knows" ya mwaka 1966. Vumisha C. Kuna mahali kodi ya juu inabadilika kidogo lakini chini C iko pale pale haijatikisika, na wimbo huo hauna hata raga ya kueleweka, ila wazo la mvumo limekaa ndani yake kabisa. Halafu jaribu hivo hivo kwenye wimbo wowote wa pop wenye kodi nne zinazozunguka, utaona kuna sehemu ile noti inakataa, unatamani kuihamisha. Andika ni dakika na sekunde gani ilikataa. Usiandike "katikati hivi", andika sekunde, utazihitaji kwenye hatua ya tatu.

Angalia pia ni nani anafanya kazi ya tanpura. Tanpura ya kawaida ina nyuzi nne, mara nyingi Pa, Sa, Sa na Sa ya chini, na raga isiyo na Pa uzi ule wa kwanza huwa unafungwa kwenye Ma. Kwenye nyimbo za mchanganyiko kazi hiyo inaweza kufanywa na besi inayoganda kwenye noti moja, au sintesaiza, au uzi wa gitaa usiobanwa na kidole. Na kuna kitu nimekiona mara nyingi sana: mvumo upo vizuri kwenye utangulizi, dramu zikiingia unapotea. Hapo tanpura ilikuwa pambo la mlangoni tu, ndani kunaishi mtu mwingine.

Hatua ya 2: Kusanya noti, halafu uliza ni raga au ni skeli tu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwahiyo twende taratibu. Sikiliza melodi ya uimbaji (usianze na ala), tafuta noti zake kwenye kinanda ukihesabu kutoka Sa. Ukipata zote za kawaida kama skeli (ngazi ya noti) ya meja, ile do re mi ya kwaya, Wahindi wanaiweka kundi la Bilawal. Ni ikishushwa ni Khamaj. Ga na Ni zikishushwa ni Kafi. Re na Dha tu zikishushwa ni Bhairav, ile yenye ladha nzito ambayo masikio ya pwani huisikia kama ya Kiarabu. Re, Ga, Dha na Ni zote zikishushwa ni Bhairavi. Ma ikipandishwa ni Kalyan, ndimo ilimo raga Yaman. Makundi yako 10 kwa mpangilio wa mtaalamu wa muziki Bhatkhande unaotumika kaskazini mwa India, na kusini wana mpangilio wao wa 72 ambao ni habari nyingine ndefu.

Sasa umepata kundi, usikimbilie kuandika "wimbo huu uko kwenye raga Yaman". Raga sio skeli. Mfano mzuri kabisa ni Bhupali na Deshkar, zote mbili zina noti tano zile zile, Sa Re Ga Pa Dha, hakuna tofauti hata moja kwenye kinanda. Lakini Bhupali inaegemea Ga na inapenda kukaa chini chini, Deshkar inaegemea Dha na inapenda kupanda juu, na mtu aliyeizoea anazitofautisha ndani ya sekunde chache. Ni kama majirani wawili wenye kanzu za aina moja, unawajua kwa mwendo. Yaman vilevile, kupanda kwake hupenda kuiruka Sa, anaanzia Ni ya chini anaenda Re kisha Ga, na huo mrukio ndio unaokuambia hii ni Yaman.

Kwahiyo fanya hivi: chagua mistari mitano ya uimbaji, iandike noti kwa noti. Zungushia duara noti ambazo mwimbaji anakaa juu yake. Piga mstari chini ya vipande vinavyojirudia. Angalia kama anapanda kwa njia moja na kushuka kwa njia nyingine. Ukiona mazoea ya kudumu, noti mbili zinazobeba uzito, kipande kinachorudi rudi kama sahihi, hapo unaweza kutaja raga. Usipoyaona andika tu "noti za Khamaj", inatosha na ni ya kweli zaidi.

Kwa kipimo hicho sikiliza "Norwegian Wood", ilirekodiwa Oktoba 1965. Beti zake zina noti za Khamaj, Ni imeshushwa, halafu sehemu ya katikati kodi inageuka kuwa maina (ile yenye sauti ya huzuni). Sitari inafanya nini? Inapiga melodi ile ile ambayo gitaa lingeweza kuipiga. Sauti imebadilika, mwendo haujabadilika. Sisemi ni kasoro, wimbo ni mzuri na ulifungua mlango mkubwa, ila kwenye daftari yako andika: sitari ni rangi, gitaa ndilo lenye nyumba.

Hatua ya 3: Kodi, hapa ndipo vita yenyewe ilipo

Kama una muda wa hatua moja tu kwenye mwongozo huu wote, fanya hii, na usiisome tu, kaa kwenye kinanda.

Chukua raga Malkauns. Sa iwe C. Noti zake: C, ile nyeusi iliyo kati ya D na E, kisha F, kisha nyeusi ya kati ya G na A, na nyeusi ya kati ya A na B. Haina Re, haina Pa. Washa tanpura ya C na F, zipige taratibu ukirudi C kila mara. Unasikia uzito ule, kama usiku wa manane, na kweli ni raga ya usiku. Sasa jifanye wewe ni mpangaji wa muziki wa pop, unataka kuweka kodi chini yake. Kodi ya kwanza inayokujia kichwani ni C maina, si ndio? Lakini C maina inahitaji G, na G ni Pa, na Malkauns haina Pa. Ukiipiga tu raga imekufa. Tafuta basi kodi za noti tatu tatu za kawaida ambazo zote zimo ndani ya raga. Utazunguka utapata mbili tu: F maina, na meja inayoanzia ile nyeusi ya kati ya G na A. Hakuna nyingine.

Piga hizo mbili kwa kupokezana kwa dakika moja huku ukiimba zile noti tano. Sikiliza kinachotokea. Makao yamehama! Sikio halisikii tena C kama nyumbani, linasikia F, kwasababu noti tano za Malkauns ya C ndizo hizo hizo noti tano za pentatoniki ya F maina ambayo wapiga gitaa wa rock na bluzi wanaijua usingizini. Noti hazijaguswa hata moja, mwimbaji hajakosea chochote, na bado raga imegeuka kitu kingine. Mimi siku nilipolisikia hili kwa masikio yangu nilielewa kwanini nyimbo nyingi za mchanganyiko zinakuwa na noti sahihi kabisa halafu moyo unasema hapana.

Yaman nayo ina mtego wake. Sa ikiwa C, noti zake ni nyeupe zote isipokuwa F inabadilishwa na nyeusi ya juu yake. Hizo ndizo noti za G meja. Mpangaji akiweka D meja halafu akatua kwenye G akakaa, msikilizaji ameshahamishiwa G bila kuombwa ruhusa. Khamaj ndiyo iliyo na amani zaidi, maana rock ya miaka ya 1960 ilikuwa tayari inapenda ile kodi ya meja inayojengwa juu ya Ni iliyoshushwa, kwahiyo pande zote mbili zinakutana bila kusukumana, na nadhani ndio maana vijana wa Uingereza wakati ule waliangukia huko kirahisi.

Kwahiyo kwenye wimbo wako rudi kwenye zile sekunde ulizoandika hatua ya kwanza, uangalie mpangaji alijinasua vipi. Njia ninazozikuta mara nyingi ni hizi: anaigandisha besi kwenye Sa huku kodi za juu zinatembea kidogo, au anapiga kodi tupu za Sa na Pa peke yake bila noti ya kati ili asiamue kama ni meja au maina, au anaacha beti zikae kwenye mvumo na kodi zinakuja kwenye kiitikio tu. Hii ya mwisho mimi naiheshimu sana ikifanywa kwa makusudi, kila upande unapewa zamu yake. Kuna pia asiyejinasua, anaweka kodi nne za siku zote juu ya alapa (utangulizi wa raga usio na mapigo) iliyosampuliwa, yaani iliyokatwa kwenye rekodi nyingine, na kuiburura ifuate. Sema hivo hivo kwenye uchambuzi wako, usione haya.

Hatua ya 4: Hesabu mzunguko

Mzunguko wa mapigo Wahindi wanauita tala, na tala kubwa ya kaskazini mwa India ni tintala, mapigo 16 yaliyogawanywa nne nne. Piga kofi la 1, la 5 na la 13, na pigo la 9 usipige, punga mkono tu hewani. Pigo la 1 linaitwa samu, ndipo kila mtu anapokutana, na lile la 9 ni khali, maana yake tupu. Kwenye tabla utaisikia kabisa, ile ngoma kubwa ya mkono wa kushoto inanyamaza, besi inatoweka kwa muda kisha inarudi. Sasa sikiliza dramu za wimbo wako: je, kiki (dramu kubwa ya mguu) inanyamaza au inapungua pale kwenye tupu? Ikiwa inadunda vile vile kutoka 1 hadi 16, na mlio wa snea (dramu ndogo kali) uko kwenye 2 na 4 bila kuchoka, basi tabla imegeuzwa kuwa kayamba. Inapamba, haiongozi.

Zingine za kuzijua: keherwa ya 8 na dadra ya 6, ndizo zinazoelewana na pop haraka na ndizo zimejaa kwenye nyimbo za filamu. Rupaka ni 7, imegawanywa 3-2-2. Jhaptala ni 10, 2-3-2-3. Ukikuta mbili hizi za mwisho kwenye wimbo wenye dramu ujue aliyeutunga amejitolea kweli.

Tafuta na tihai, kipande kinachopigwa mara tatu ili mwisho wake uangukie samu. Hesabu yake ni tamu: kipande cha mapigo 5, nafasi ya 1, kipande cha 5, nafasi ya 1, kipande cha 5, jumla 17, kwahiyo kwenye mzunguko wa 16 pigo la mwisho linatua sawasawa kwenye 1 ya mzunguko unaofuata. Ukiisikia tihai inayotua pamoja na kiitikio cha pop, huyo mpangaji anajua anachofanya.

Hatua ya 5: Sikiliza kati ya noti na noti

Kinanda kimekusaidia mpaka hapa, sasa kiweke pembeni. Kwenye muziki huu kuteleza kutoka noti hadi noti, wanaita mindi, sio pambo, ni sehemu ya neno lenyewe, kama lafudhi inavyobadilisha maana. Na noti zenyewe hazikai pale zilipo kwenye piano: Ga tamu inayolingana na mvumo iko kwenye senti 386 hivi juu ya Sa (nusu hatua moja ya piano ni senti 100), ya piano iko 400. Tofauti ni ndogo lakini tanpura ikiwa inavuma unaisikia inawasha. Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba redio ya taifa ya India iliipiga marufuku hamoniamu mwaka 1940, ala iliyotoka Ulaya, moja ya sababu zake ikiwa haiwezi kuteleza, na marufuku hiyo ilianza kulegezwa mwaka 1971 tu.

Uliza basi ala za Magharibi zimejipinda kiasi gani. Mpiga gitaa John McLaughlin alipounda kundi la Shakti miaka ya 1970 pamoja na Zakir Hussain kwenye tabla na L. Shankar kwenye fidla, alipigia gitaa lililochimbwa mbao ya shingo kati ya freti na freti (vile vyuma vya shingoni) ili aweze kuzivuta nyuzi zaidi, na likaongezewa nyuzi za mvumo. Yaani ala yenyewe imefanyiwa upasuaji ili impishe mwenzake. Kwa upande mwingine kabisa, ukisikia sauti ya mwimbaji inaruka noti hadi noti kama ngazi, hakuna mteremko, ujue ototuni (programu ya kunyoosha sauti) imepita hapo na imezikata mindi zote.

Hatua ya 6: Umbo

Hii ni fupi. Raga inaweza kuchukua saa nzima, ikianza na alapa isiyo na mapigo, polepole, noti zikitambulishwa moja moja, kisha mapigo yanaingia, mwisho kasi inapanda. Wimbo wa pop una dakika tatu. Chora mstari wa wimbo wako, weka alama wapi pana alapa na ni ya sekunde ngapi, wapi mapigo yanaanza, na kama kasi inabadilika. "Love You To" ya 1966 inaanza bila mapigo, tabla inaingia, mwisho inakimbia, umbo lote limebanwa kwenye dakika tatu hivi. Waliotunga nyimbo za filamu India walikuwa wameshatatua tatizo hili zamani kwa mukhda inayorudi kama kiitikio na antara kama ubeti, na mtunzi A. R. Rahman tangu filamu ya Roja ya mwaka 1992 amejenga juu ya njia hiyo hiyo akitumia besi na sintesaiza za kisasa.

Hatua ya 7: Andika hukumu yako

Nakupa mfano wa namna ninavyoandika mimi. "Within You Without You", 1967. Septemba 1966 Harrison alikwenda India kusoma sitari kwa bingwa wake Ravi Shankar, na inasikika. Makao hayahami mwanzo hadi mwisho, mvumo wa tanpura unashika wimbo wote. Noti ni za kundi la Khamaj. Kodi hazipo kabisa. Beti ziko kwenye mzunguko wa 16, sehemu ya ala katikati inahamia mapigo ya tano tano, na dilruba (ala ya kukwaruza kwa upinde) na sauti ya mwimbaji zinafuatana. Swarmandali, ambayo sikio la taarab litaiona ndugu wa ganuni, inafungua mlango. Kisha angalia upande wa Magharibi umefanya nini: mtayarishaji wao George Martin alileta fidla nane na chelo tatu, na kazi ngumu ilikuwa kuwafanya wapigaji hao wateleze kama dilruba. Kwahiyo hapa Magharibi ndio imepisha, kwenye makao, kwenye mapigo na hata kwenye vidole. Kilichobaki cha pop ni urefu wa dakika tano na mashairi ya Kiingereza. Linganisha na sitari ya "Norwegian Wood" ya 1965 uone safari ya miezi 18 tu.

Ukimaliza yote hayo kuna mstari mmoja wa mwisho kwenye daftari, wengi hawauandiki: nani alipiga, na je, jina lake lipo? Jalada la Revolver, albamu ya Beatles ya 1966, lilimtaja Anil Bhagwat aliyepiga tabla kwenye "Love You To". Mwaka uliofuata, Wahindi waliopiga kwenye "Within You Without You", wimbo ambao Magharibi ilipisha kila kitu, majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Kwahiyo kabla hujaandika "tabla" peke yake, tafuta jina la mpigaji, na ukilipata liandike juu kabisa, pembeni ya jina la wimbo.